Wanawake Waimbaji wa Mongolia: Sauti Tunazozisikia Bila Kujua ni za Nani

Kuna video za aina moja ambazo hazikosi kupita mitandaoni kila baada ya muda. Mwanamke amevaa joho la hariri na kofia ndefu yenye shanga, nyuma yake nyika isiyo na mti hata mmoja, kando yake mtu anapiga zeze la nyuzi mbili. Mama huyo anafungua mdomo, sauti inapanda, inatetema, kisha inapanda tena pale ulipodhani imefika kikomo. Maelezo ya video yanasema "Mwanamke wa Mongolia akiimba kwa koo." Ikisambazwa tena, mama amekuwa Mchina. Ikisambazwa mara ya tatu, ni mtu wa kabila linalotoweka, na wimbo una miaka elfu mbili bila kubadilika.

Karibu kila maelezo hayo yana kosa ndani yake, na jina la mwimbaji halimo popote. Hilo la jina ndilo linaloniuma zaidi. Sauti za wanawake wa Mongolia zimesikika duniani kote kwa zaidi ya miaka 30, nyingine ndani ya nyimbo ambazo hata wewe umezicheza, lakini waliozitoa wamebaki kama upepo wa jangwani. Nyuma ya kila sauti kuna mtu mwenye mwalimu, mwajiri, pasipoti na miaka mingi ya mazoezi. Tuanze na mambo mepesi, kisha tupande taratibu hadi kwenye yanayochanganya.

Kwanza, nchi yenyewe. Mongolia ni jamhuri huru iliyobanwa kati ya Urusi na China. Haina bahari. Ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya milioni 1.5, lakini watu wake ni kama milioni 3.5 tu, na karibu nusu yao wanaishi katika mji mkuu, Ulaanbaatar. Waliobaki wametawanyika kwenye miji midogo na malisho, wengi wakifuga farasi, kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia wa nundu mbili, na kulala kwenye ger, hema la duara linalofunikwa kwa sufi iliyoshindiliwa.

Kusini mwa mpaka, ndani ya China, kuna mkoa unaoitwa Mongolia ya Ndani. Wamongolia wanaoishi huko ni zaidi ya milioni 4, yaani wengi kuliko raia wote wa Mongolia huru, ingawa ndani ya mkoa wao wenyewe ni wachache mbele ya Wachina wa Han. Lugha ni moja yenye lahaja zake. Mwandiko haukuwa mmoja: upande wa kaskazini walichukua herufi za Kirusi miaka ya 1940, upande wa kusini wakaendelea na mwandiko wa kale unaoshuka kutoka juu kwenda chini. Ukitaka kuelewa hali hiyo kwa haraka, wafikirie Wamaasai. Mpaka wa Kenya na Tanzania umewapa pasipoti mbili, shule mbili na serikali mbili, lakini wimbo wa jando haukuulizwa unataka kubaki upande gani. Kwa hiyo mtu anapoandika kuwa mwimbaji fulani "si Mmongolia, ni wa China," anachanganya kabila na uraia. Anaweza kuwa vyote viwili, na jibu hilo ndilo litakaloamua ataimbia wapi, kwa lugha gani, na nani atamlipa.

Tuva ni suala jingine. Hiyo ni jamhuri iliyo ndani ya Urusi, imepakana na Mongolia upande wa kaskazini magharibi, na lugha yake ni ya ukoo wa Kituruki. Sainkho Namtchylak, mwanamke maarufu sana kwa sauti zake za ajabu kwenye majukwaa ya Ulaya, ni wa huko. Ana undugu wa kimuziki na Wamongolia, lakini kumwita Mmongolia si sahihi.

Sasa tuje kwenye huko "kuimba kwa koo". Uimbaji wa kooni, ambao wenyewe wanauita khöömii, ni ufundi wa mtu mmoja kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja: mngurumo mzito usiohama, na juu yake mluzi mwembamba unaotembea na melodi. Si uchawi. Kila sauti ya binadamu imebeba ndani yake sauti nyingine nyembamba ambazo kwa kawaida hatuzitambui. Mwimbaji wa khöömii hubana koo na kupanga ulimi na midomo mpaka mojawapo ya hizo ikuzwe na kusikika peke yake. Kwa desturi ulikuwa ufundi wa wanaume. Wapo walioamini kuwa unamdhuru mwanamke kwenye uzazi. Siku hizi wapo wanawake wanaojifunza na kuupandisha jukwaani, lakini mwanamke unayemsikia kwenye zile video, mara nyingi sana, haimbi khöömii hata kidogo.

Anaimba urtiin duu, yaani wimbo mrefu. Urefu unaotajwa hapa haumaanishi kwamba wimbo unachukua saa nzima. Kinachorefushwa ni silabi. Wimbo wa dakika nne unaweza kuwa na maneno kama kumi tu, na irabu moja inavutwa, inakunjwa, inapindwa, inatupwa juu kisha inakamatwa tena kabla neno halijaisha. Hakuna mapigo ya kuhesabu. Pumzi ndiyo inayopima wimbo. Upana wa sauti, kutoka noti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, unaweza kufika oktava tatu, na sehemu ngumu kuliko zote ni shurankhai, pale sauti ya kifua inaporuka ghafla kuingia kwenye sauti nyembamba ya juu na kurudi bila kuvunjika. Mwimbaji asiyejua kuficha pumzi zake hawezi kuufikisha mwisho. Anayepiga morin khuur, lile zeze lenye kichwa cha farasi kilichochongwa kwenye shingo yake, hamwongozi mwimbaji. Anamfuata, na pale mwimbaji anapovuta hewa yeye huiziba nafasi hiyo kwa nyuzi.

Upo pia wimbo mfupi, bogino duu, wenye mapigo yanayohesabika na maneno mengi, wa mapenzi, utani na mambo ya kila siku. Huo kila mtu anaweza kujaribu. Wimbo mrefu una heshima yake: huimbwa kwenye harusi, kwenye kuhamia ger jipya, anapozaliwa mtoto, na kwenye Naadam, sherehe ya taifa ya kila Julai yenye mieleka, upinde na mbio za farasi. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, kwa maombi ya pamoja ya Mongolia na China, na mwaka 2008 ukaingizwa kwenye orodha ya urithi usioshikika. Fahamu basi kwamba hata kwenye makaratasi ya UNESCO wimbo huu una nchi mbili.

Wimbo mrefu haukuwahi kufungiwa wanaume. Hapo ndipo wanawake walipojipatia nafasi kubwa kuliko mahali pengine popote katika muziki wa asili wa Mongolia. Lakini kuimba ni jambo moja, na kuishi kwa kuimba ni jingine. Kwa karne nyingi wanawake wa nyikani waliimba kama sehemu ya kazi. Mfano ninaoupenda ni wa ngamia. Ngamia jike akizaa kwa shida wakati mwingine hukataa kumnyonyesha ndama wake, au ndama yatima anahitaji kupewa mama mwingine. Mfugaji, mara nyingi mwanamke, humfunga mama na ndama karibu, kisha anaimba neno moja laini, "khöös, khöös", akirudia na kurudia kwa melodi ya kubembeleza, zeze likisaidia, hadi ngamia alainike. Desturi hiyo iliwekwa mwaka 2015 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na ilikuwa imeonekana duniani kupitia filamu ya mwaka 2003 ya mwongozaji Byambasuren Davaa, mwanamke mzaliwa wa Ulaanbaatar anayefanya kazi Ujerumani. Hakuna anayemwita mfugaji huyo msanii. Halipwi. Lakini anachofanya ni uimbaji uliokomaa.

Uimbaji kama ajira uliletwa na dola. Kuanzia mwaka 1924 Mongolia ilikuwa nchi ya kisoshalisti chini ya kivuli cha Moscow, na dola hiyo ilijenga majumba ya sanaa, vikundi vya taifa, redio na mfumo wa vyeo kwa wasanii. Kijana mwenye sauti aliweza kutolewa kwenye malisho, akapewa mshahara, nyumba mjini na sare ya jukwaani. Huko ndiko anakotoka mwanamke ambaye, kwa maoni yangu, kila mazungumzo kuhusu waimbaji wa Mongolia yanapaswa kuanza naye: Namjilyn Norovbanzad.

Alizaliwa mwaka 1931 Dundgovi, mkoa wa Gobi ya Kati, eneo linalojulikana kwa mtindo mpana na mzito wa wimbo mrefu. Mwaka 1957 alipelekwa Moscow kwenye Tamasha la Dunia la Vijana na Wanafunzi, akarudi na medali ya dhahabu. Tangu hapo sauti yake ikawa ndiyo sauti ya nchi: redioni, kwenye ziara za kirafiki za mataifa ya kisoshalisti, baadaye kwenye majukwaa ya Japani na kwingineko. Alipewa heshima ya Msanii wa Watu, cheo cha juu kabisa kwa msanii wa Mongolia. Mwaka 1993 mji wa Fukuoka, Japani, ulimpa tuzo yake ya sanaa na utamaduni wa Asia. Alifariki mwaka 2002. Ukisikiliza rekodi zake utaelewa kwa nini waimbaji wa leo bado wanapimwa kwake. Hapigi kelele. Noti za juu kabisa anazifikia kama mtu anayefungua dirisha nyumbani kwake.

Hapa tuweke sawa lile dai la "miaka elfu mbili bila kubadilika." Mizizi ni mirefu kweli, na maandiko ya tangu karne ya 13 yanautaja wimbo mrefu. Lakini kile tunachokisikia jukwaani kimepitia mikono ya karne ya 20. Zeze lililokuwa na uso wa ngozi lilipewa uso wa mbao ili lisikike ukumbini na lisilegezwe na unyevu. Nyimbo zilifupishwa zitoshe kwenye programu ya redio. Maneno ya dini ya Kibuda na sifa za Genghis Khan yaliondolewa, kwa sababu kumtukuza Genghis kulikuwa kosa la kisiasa enzi zile. Sisemi hayo kuudharau urithi. Mila iliyo hai hubadilika, na waimbaji kama Norovbanzad ndio waliohakikisha kilichobadilika hakikuua kilichokuwepo.

Majira ya baridi ya 1989 na 1990 vijana walijaza viwanja vya Ulaanbaatar wakidai demokrasia, na chama kimoja kikaachia ukiritimba wake. Msaada wa Urusi ulikatika. Mishahara ya vikundi vya taifa ikawa haitoshi kununua nyama. Lakini mpaka ulifunguka upande wa pili: waandaaji wa matamasha wa Japani, Ufaransa na Ujerumani walianza kualika, na kampuni za kurekodi zilituma watu wenye vinasa sauti. Msanii aliyekuwa mtumishi wa serikali alijikuta mfanyabiashara bila kufundishwa biashara.

Wakati huohuo ndipo sauti zilipoanza kutengana na majina. Wengi waliokuwa watu wazima miaka ya 1990 wanalikumbuka kundi la Enigma la Ujerumani, lililochanganya midundo ya dansi na sauti za kale. Kwenye albamu yake ya mwaka 1993 kuna wimbo, "The Eyes of Truth", ambamo sauti ya kike inapaa juu ya ngoma kwa lugha isiyoeleweka. Sauti hiyo ni ya Adilbish Nergui, mwimbaji wa wimbo mrefu wa Mongolia, na anachoimba ni wimbo wa asili uitwao "Alsyn gazryn zereglee". Ilichukuliwa kutoka kwenye rekodi iliyokuwepo tayari, ikakatwa na kubandikwa kwenye mdundo. Mamilioni ya watu walinunua albamu. Muulize yeyote kati yao jina la mwimbaji.

Albamu hiyohiyo ndiyo yenye "Return to Innocence", wimbo ambao watu wengi pia hudhani una sauti za Wamongolia au za wenyeji wa Marekani. Hapana. Hizo ni sauti za wazee wawili, mume na mke, wa jamii ya Waamis wa Taiwan, Difang na Igay. Ulipotumika hadi kwenye matangazo ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996, wazee hao walifungua kesi, na mwaka 1999 wakafikia makubaliano nje ya mahakama. Nimeitaja kesi hiyo kwa sababu inaeleza tundu la kisheria lililowameza na waimbaji wengine. Sheria za hakimiliki zilitungwa zikimfikiria mtunzi anayejulikana. Wimbo wa asili hauna mtunzi wa kumtaja, kwa hiyo mwenye rekodi, ambaye mara nyingi ni taasisi au kampuni, ndiye anayeombwa ruhusa na kulipwa. Mwimbaji aliyesimama mbele ya kipaza sauti, ambaye mapambo na mikunjo yote ni ubunifu wake, anaweza asipate hata shilingi. Dai kwamba "nyimbo za asili ni za watu wote" lina ukweli kuhusu maneno na melodi. Kuhusu koo la mtu, halina.

Wapo waliotoka nje kwa jina lao kamili. Khongorzul Ganbaatar, aliyezaliwa mwaka 1974 Khentii, aliitwa kwenye mradi wa Silk Road ulioanzishwa na mpiga selo Yo-Yo Ma mwaka 1998. Mtunzi wa Mongolia, Byambasuren Sharav, aliandika kwa ajili ya mradi huo kazi iitwayo "Legend of Herlen", ambamo wimbo mrefu unakutana na morin khuur, piano, tromboni na ngoma. Ukiisikiliza hutabaki na shaka nani ni nguzo: ala za Magharibi zinapiga, zinanyamaza, na Khongorzul anapita juu yake peke yake. Hapo mwimbaji hakuwa kipande cha sauti kilichobandikwa. Kazi iliandikwa kulizunguka koo lake.

Njia ya Urna Chahar-Tugchi ni tofauti, na inasaidia kuelewa yale mambo ya pasipoti. Ametoka Ordos, Mongolia ya Ndani, katika familia ya wafugaji. Akiwa kijana alisafiri hadi Shanghai kusoma muziki, tena si uimbaji bali yangqin, ala ya Kichina ya nyuzi nyingi inayogongwa kwa vijiti, huku Kichina chenyewe akikifahamu kidogo tu. Baadaye akahamia Ujerumani. Nyimbo za bibi zake za Ordos akaziimba na wapiga ngoma wa Kiirani wa familia ya Chemirani kwenye albamu ya "Amilal", na mwaka 2018 akatoa albamu na Kroke, kundi la Kraków, Poland, linalotokana na muziki wa Kiyahudi. Mwaka 2003 alipata tuzo ya RUTH ya Ujerumani. Katika filamu ya mwaka 2009 ya Byambasuren Davaa yuleyule, Urna anavuka mpaka kwenda Mongolia huru akiwa na kichwa cha zeze la bibi yake, lililovunjwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China, akitafuta beti zilizopotea za wimbo. Mwanamke wa Kimongolia mzaliwa wa China, aliyehamia Ulaya, akitafuta wimbo wa kwao katika nchi ya Wamongolia ambayo si ya kwao. Maelezo ya video ya sentensi moja hayawezi kuubeba mkanganyiko huo, ila mtu akiujua hatauliza tena "kwa nini kapewa jina la Mongolia wakati ni wa China."

Waliobaki ndani ya China walikuwa na ngazi nyingine ya kupanda. Tangu mwaka 1957 serikali ya huko iliunda vikundi vidogo vya wasanii wanaozunguka malishoni, Ulan Muqir, na humo wakapita waimbaji wengi wa kike. Dedema, mwenye sauti nzito ya kike, alitokea Ejina, kwenye pembe ya jangwa la magharibi, hadi akajulikana China nzima kwa nyimbo za nyika zinazoimbwa kwa Kichina. Soko lake lilikuwa watu zaidi ya bilioni moja. Mwenzake wa Ulaanbaatar alikuwa na wasikilizaji milioni mbili au tatu lakini aliimba kwa lugha yake. Baadaye wakaja Daiqing Tana wa kundi la Haya, na Sa Dingding, ambaye mama yake ana asili ya Kimongolia, aliyepata tuzo ya BBC Radio 3 ya muziki wa dunia mwaka 2008. Sa Dingding ameimba hata kwa Kisanskriti na kwa maneno aliyoyabuni mwenyewe. Kumwita mwimbaji wa asili wa Mongolia ni kumnyima sifa ya ubunifu wake.

Tukirudi Ulaanbaatar, wengi hushangaa kusikia kuwa wimbo mrefu si muziki ambao vijana wa huko wanausikiliza kutwa. Wanasikiliza pop, hip-hop na roki, kwa Kimongolia. Sarantuya na Ariunaa ndio waliokuwa mastaa wakubwa wa kike miaka ya 1990, soko lilipokuwa la kanda na kisha CD, nyingi za bandia. Kisha yakaja makundi ya wasichana: 3 Ohin, Lipstick, Emotion, na Kiwi, ambamo alitoka Uka aliyeendelea peke yake. Gennie alishika kipaza sauti kama rapa wa kike wakati hip-hop ya huko ilikuwa uwanja wa wanaume, na anaonekana kwenye filamu ya kumbukumbu ya mwaka 2012, "Mongolian Bling". Tangu mwaka 2018 kuna shindano la "The Voice of Mongolia", na ukiangalia washiriki wa kike utaona mtu anaanza kwa roki ya Kiingereza na kumalizia kwa mikunjo ya sauti aliyoisikia kwa bibi yake.

Nchi ya watu milioni 3.5 inawalishaje wanamuziki? Kwa shida, na kwa kazi nyingi ndogo ndogo. Mauzo ya nyimbo mtandaoni kwa lugha yenye wasemaji wachache hayaleti mengi. Pesa ziko kwenye shoo, matangazo ya biashara, na hasa msimu wa Desemba, ambapo kampuni na ofisi hufanya karamu za kufunga mwaka na kila mmoja anataka mwimbaji. Kisha kuna ziara kwa Wamongolia walioko nje: Korea Kusini kwanza, halafu Marekani, Japani na Ulaya. Kwa hiyo ukisikia kwamba staa fulani "amefanya shoo Seoul" au Chicago, usidhani lazima alijaza ukumbi wa Wakorea au Wamarekani. Mara nyingi amewaimbia wenzake wanaofanya kazi viwandani na wanaosoma huko, watu wanaolipa kiingilio ili walie kidogo kwa wimbo wa mama. Sioni kuwa hilo linapunguza kazi yake. Mwimbaji wa pop wa Ulaanbaatar anayejulikana na kila Mmongolia duniani amefanikiwa, hata kama hakuna Mjerumani anayemjua.

Na kinyume chake kipo. Mwimbaji anaweza kupata mashabiki Berlin na Tokyo kwa muziki ambao nyumbani una wasikilizaji wachache. Mfano wa sasa ni Enji, jina kamili Enkhjargal Erkhembayar, aliyezaliwa Ulaanbaatar mwaka 1991 na kukulia kwenye ger. Alisomea ualimu wa muziki. Jazi aliipata kwenye mafunzo yaliyoletwa mjini kwao na Taasisi ya Goethe ya Ujerumani, kisha akaenda kuisomea München, anakoishi. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2017, mpiga ngoma akiwa Mmarekani mkongwe Billy Hart. Zikafuata "Ursgal" mwaka 2021, "Ulaan" mwaka 2023 na "Sonor" mwaka 2025. Anaimba kwa Kimongolia karibu muda wote, kwa sauti ya chini, karibu kunong'ona, na hapa na pale unasikia pumzi ya wimbo mrefu ikipita ndani ya jazi. Havai kofia ya shanga. Watayarishaji wa matamasha wa nje kwa miaka mingi wamemtaka mwanamke wa Mongolia awe picha ya nyika, na nadhani Enji ameonyesha kwamba unaweza kuipeleka nyika München ukiwa umevaa koti la kawaida.

Dhana moja zaidi inahitaji kuondolewa: kwamba hawa ni wanawake walionyamazishwa na mila, na jukwaa la nje ndilo lililowakomboa. Mongolia si nchi isiyo na matatizo kwa wanawake, lakini kwa miaka mingi sasa wasichana wa huko wamekuwa wengi kuliko wavulana vyuo vikuu, kwa sababu mojawapo kwamba familia za wafugaji humbakiza mtoto wa kiume kwenye mifugo na kumpeleka wa kike shule. Jukwaani walikuwepo tangu vikundi vya taifa vilipoanza. Mahali ambapo wanaume wametangulia kwa umaarufu wa kimataifa ni opera, ambako baritoni, yaani wanaume wa sauti ya kati, kama Amartuvshin Enkhbat na Ariunbaatar Ganbaatar wanaimba kwenye majumba makubwa ya Ulaya, na kwenye roki ya kundi la The Hu. Hao ndio wanaofanya baadhi ya watu wadhani muziki wa Mongolia ni ngurumo za wanaume wenye ndevu.

Mwisho, jambo dogo litakalokusaidia ukitaka kuwatafuta. Wamongolia hawatumii jina la ukoo kama Wazungu. Kwa desturi jina la baba linatangulia, na la mtu mwenyewe linafuata: Namjil ni baba, Norovbanzad ndiye mwimbaji. Kwao huandikwa N. Norovbanzad. Wakitoka nje, wengine hugeuziwa majina yafuate utaratibu wa Ulaya, ndiyo maana Enkhjargal Erkhembayar ametanguliza lake na kumalizia na la baba. Orodha za maktaba na programu za muziki huchanganya mitindo hiyo miwili, na mwimbaji mmoja anaweza kuonekana kama watu wawili tofauti. Tafuta kwa majina yote mawili, kwa mpangilio wowote, na ukipata rekodi ya zamani iliyoandikwa tu "sauti ya kike, Mongolia," angalia karatasi iliyokuja na CD kabla hujakata tamaa. Mara nyingi jina limeandikwa humo kwa herufi ndogo.